Pini za Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ameshona nguo kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo pini zake zilikaa mdomoni. Fundi cherehani yeyote atanielewa. Mkono wa kushoto umeshika kitambaa, wa kulia unakunja upindo, na mteja kasimama juu ya stuli kabana pumzi kama anapigwa picha ya pasipoti. Pini utaziweka wapi? Unazibana kwa midomo, vichwa vikitazama nje, unachomoa moja moja bila kuangalia. Yeye aliweza kubana tisa na bado akamwambia mteja kwamba tumbo limeongezeka.

Naanza na pini kwa sababu nusura zimharibie mambo yote.

Mimi nauza vifungo, zipu, uzi na bitana. Nilianza na sinia moja la vifungo kichwani, sasa nina duka lenye kaunta ya kioo. Wifi alipoolewa alikuja kuniomba kona ya mbele, penye dirisha, aweke cherehani yake. Tulibishana kutoka asubuhi hadi saa saba. Nilitaka awapeleke kwangu wateja wake wote wa zipu. Yeye alitaka mwanga wa dirisha asizibiwe na bidhaa zangu, hata wiki ya kufungua shule. Mwisho wa yote kila mmoja akaondoka akiamini amemshinda mwenzake. Hapo nikajua mdogo wangu hakuokota mke.

Sekondari aliiacha katikati, kwa sababu zile za kila siku. Lakini kitabu hakukiacha. Alikiegemeza kwenye gurudumu la cherehani, kurasa akazibana kwa mkasi, akawa anasoma huku miguu inakanyaga. Mteja akitaka kumsimulia habari za jirani, anaambiwa, "Ngoja nimalize ini." Alikuwa anasoma kazi ya ini. Akiwa na miaka thelathini na tatu alifanya mtihani pamoja na watoto aliowashonea sare. Kemia ikamwangusha. Mwaka uliofuata akarudi, akaikamata. Siku jina lake lilipotoka kwenye orodha ya chuo kikuu, Idara ya Biolojia, mdogo wangu, ambaye ni fundi rangi na si mtu wa maneno, akasema, "Samaki mkunje angali mbichi, mama watoto."

"Mimi si samaki," wifi akamjibu. "Nipishe nikate hii kola."

Akawa anasoma asubuhi, anashona mchana. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, likabandikwa tangazo kwenye ubao wa idara. Ni hivi: likizo ndefu ikifika, kila maabara ya utafiti ya idara huchukua wanafunzi sita wa mwaka wa pili kwa wiki kumi. Hawaingii kutazama, wanafanya kazi ileile ya watafiti. Anayemaliza vizuri hupewa barua, na mwenye barua ndiye anayechagua kwanza maabara ya mradi wake wa mwaka wa mwisho. Asiye nayo huchukua kilichobaki. Sisi wa sokoni tunalijua hilo: kuna anayefungua robota na kuna anayekuta matambara.

Wifi alikuwa anaitaka maabara ya mbu na hakutaka nyingine.

Walioiomba walikuwa arobaini na watatu. Mkuu wa maabara ile ni mwanamke mfupi ambaye wote wanamwita Daktari, mwenye sauti ndogo ambayo haihitaji kupandishwa. Aliwaita mmoja mmoja.

"Una nini ambacho hawa wengine hawana?" alimwuliza wifi.

"Mikono."

"Wote wana mikono."

"Wana vidole, Daktari. Mikono inachukua miaka."

Daktari hakucheka. Alimsogezea hadubini, mbu jike aliyekufa, tone la maji juu ya kipande cha kioo na pini mbili nyembamba kama unywele. Akamwonyesha mara moja tu: pini moja inashikilia kifua, nyingine inavuta ncha ya tumbo taratibu, na mfuko wa mayai unateleza kuingia kwenye tone. Mbu wa kwanza wa wifi alichanika. Wa pili akatoka nusu. Wa tatu, mfuko ukatoka mzima, pande zote mbili, haukuwa na mkwaruzo.

"Njoo Jumatano," Daktari akasema.

Nimemfanya anieleze kazi yenyewe mara kadhaa, maana siwezi kusifia kitu nisichokijua. Mbu hazaliwi na ugonjwa. Anaunyonya kwa mtu mmoja, unakaa ndani yake siku kumi na zaidi ukikomaa, ndipo anaweza kumpa mtu mwingine. Kwa hiyo mbu kijana ni kero tu; mwenye hatari ni aliyeishi. Sasa utamjuaje aliyeishi, na hana cheti cha kuzaliwa? Unatazama mfuko wake wa mayai. Juu yake kuna vijirija vya hewa. Kama hajawahi kutaga, vijirija hivyo vimejisokota kama uzi mpya kwenye kibunda. Akishataga mara moja, vimenyooka, na havijisokoti tena.

"Kama lastiki ya sketi," nikamwambia.

"Kama lastiki ya sketi iliyovaliwa na mtu mnene," akasema. "Ikishavutika, imevutika."

Wenzake watano walikuwa na miaka ishirini na moja, ishirini na mbili. Siku ya kwanza walimwamkia kwa pamoja wakidhani ndiye mwalimu. Aliitikia marahaba, akavuta kiti, akakaa katikati yao. Kufikia siku ya tatu walishamwita Mama Cherehani. Msichana mmoja mwenye miwani minene, mchokozi kuliko wote, ndiye aliyekaa naye meza moja.

"Kwa hiyo Mama, katika mbu, mzee ndiye hatari?"

"Ndiyo maana mnikalie vizuri."

Aliyewasimamia kila siku alikuwa fundi wa maabara, mwembamba, mwenye nywele zilizoanza mvi, ambaye hatembei bila kibano mfukoni. Jina lake ni hilohilo: Kibano. Anahesabu vipande vya kioo vikitoka kabatini na anavihesabu vikirudi. Mlangoni kabandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: HAPA HAKUNA KINACHOINGIA MDOMONI. KALAMU, UKUCHA, CHAKULA, CHOCHOTE. Anayevunja sharti hilo anatoka siku hiyohiyo na harudi. Mwaka uliopita kijana mmoja alitolewa kwa kutafuna kifuniko cha kalamu.

Wifi aliisoma ile karatasi kila asubuhi. Hilo naomba lieleweke. Si mtu wa kupuuza maandishi.

Siku ya kumi ya kazi wageni walitarajiwa saa kumi alasiri, na Daktari alitaka vioo arobaini viwe tayari. Saa nane vilikuwa ishirini na sita. Kibano akaja akasimama nyuma ya wifi, maana mikono yake ndiyo iliyokuwa ya haraka kuliko yote. "Mama, harakisha. Mama, hicho weka pembeni. Mama, saa inakwenda." Wifi akawa na kioo mkono mmoja, dropa ya maji mkono mwingine, na pini nne zisizo na pa kukaa.

Hakuhisi chochote. Meza nzima ilimgeukia, kisha yule wa miwani akanong'ona, "Mama. Mdomo."

Pini nne, vichwa nje, zimepangwa vizuri kama kwenye duka langu.

Kibano hakugombana. Alimletea sahani ya kioo, akamwambia aziteme humo, akampeleka kwenye bomba asukutue, kisha akamwongoza hadi kwa Daktari kama mwizi wa kuku.

Daktari alimweleza bila hasira. Mbu wa chumba kile wamefugwa, ni wasafi, pini zile hazingemdhuru. Lakini chumba cha pili kina mbu waliokamatwa nje, na hao hakuna anayejua wamebeba nini. "Mkono haujui chumba," Daktari akasema. "Mkono unaozoea hapa, utafanya hivyohivyo kule."

"Naelewa, Daktari."

"Leo ni Jumanne. Nenda nyumbani. Jumatatu saa tatu uje uniambie kwa nini nisikutoe. Usije kuomba msamaha, msamaha nimeshausikia kwa watu wengi."

Alifika dukani saa kumi na nusu, akakaa kwenye cherehani bila kuifunua. Nilimwuliza imekuwaje, akaniambia yote, tangu dropa hadi sahani. Sikumpa pole. Pole haijawahi kumrudishia mtu nafasi.

"Una nini cha kuweka mezani?" nikamwuliza.

"Sina kitu, wifi."

"Mtu akikwambia njoo Jumatatu, hajakufukuza. Ametaja bei. Bado hujaisikia tu."

Mdogo wangu alipitia dukani kumchukua, ana rangi hadi masikioni. Aliposikia, akasema, "Mazoea yana taabu. Miaka kumi na tisa utaiondoa kwa siku tano?"

Nilidhani wifi atamjibu kama kawaida yake. Badala yake alimtazama kama mtu aliyeokota kitu. "Sijui," akasema. "Sijawahi kuhesabu."

Asubuhi ya Jumatano alinikuta nafungua milango.

"Wifi, nataka ukae pale kwenye kigoda uniangalie ninavyoshona. Kila pini ikifika mdomoni, piga mstari. Mkono ukienda mdomoni ukageukia njiani, weka nukta. Saa tatu hadi saa tisa."

"Kwa nini mimi? Una binti mkubwa tu nyumbani."

"Binti yangu atanihurumia. Nataka mtu asiyenipenda sana."

"Basi umefika."

Siku ya kwanza alikataa kubadilisha chochote. Ashone anavyoshona, abane anavyobana. Nilimwambia anapoteza siku nzima kati ya tano. Akasema huwezi kujua umefika wapi kama hujui ulikoanzia. Nikachukua gamba la boksi la zipu na penseli, nikakaa. Wateja wangu walinishangaa, mmoja akauliza kama nimefungua ofisi ya polisi. Saa tisa nilihesabu mistari arobaini na saba. Nukta hakuna hata moja.

Wifi aliitazama ile arobaini na saba kwa muda mrefu. "Mimi ningesema kumi," akasema.

Jioni hiyo alishona kijimto cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, kama walichonacho mafundi wa zamani, cha sponji, kimefunikwa kwa kitambaa. Chini yake akatia kipande cha bati alichokikata kwenye kopo, ncha isipenye ikamchoma. Alhamisi akashona nacho. Mistari kumi na tisa, nukta ishirini na mbili. Mkono ulikuwa unapanda, unafika kidevuni, unakumbuka, unashuka. Ukimtazama kwa mbali ungesema anafukuza nzi.

Ijumaa akaja mwanamume mmoja na suruali ya suti. Ana usaili wa kazi saa nane, suruali imemzidi kiunoni na miguuni, na sasa ni saa tano. Akasimama juu ya stuli, kisha akasimama nyuma ya stuli, kisha nyuma ya wifi. "Fundi, vipi? Fundi, bado? Fundi, wenzangu wameshaondoka." Kijimto kiko mkononi, pini zimejaa, na pini zile zile zikahamia mdomoni kama ndege wanaorudi kwenye kiota. Saa tisa nikahesabu thelathini na moja.

Nikamwambia ukweli wangu. "Hii Ijumaa ifute."

"Nifute vipi?"

"Una Jumatano arobaini na saba, una Alhamisi kumi na tisa, kesho utapata chini ya kumi. Ngazi nzuri inashuka. Ukiweka thelathini na moja katikati, unaonekana umerudi nyuma. Hakuna anayepeleka bidhaa sokoni akaanza kwa kuonyesha ilipotoboka."

"Wifi, hii si bidhaa."

"Kila kitu ni bidhaa. Wewe ndiye bidhaa."

"Nikifuta Ijumaa, nitakuwa nimejua jambo moja halafu nikamwambia lingine. Kwa hiyo kazi ya kukaa na hadubini nitakuwa nimeiacha mwenyewe, hata kabla hajanitoa."

Nilimwona mjinga, na nilimwambia hivyo. Akaniambia nimrudishie gamba la zipu kabla sijalipitia na kifutio. Nilikuwa ninacho mkononi, kweli.

Jumamosi mistari sita. Jumapili alifungua cherehani kwa ajili ya hesabu tu, akashona foronya ambazo hakuna aliyeziagiza: mistari miwili, nukta tisa.

Ya Jumatatu sikuyaona kwa macho. Alinisimulia mara tatu na zote tatu hakuongeza wala kupunguza, kwa hiyo nayaamini.

Aliingia saa tatu kamili. Daktari yuko mezani, Kibano kasimama pembeni kama shahidi. Wifi akaweka karatasi safi aliyoipigia mistari kwa rula: siku tano, mistari mingapi, nukta ngapi. Akaeleza kwa dakika tatu. Daktari akaitazama, akanyoosha mkono.

"Hii umenakili. Hesabu ya kwanza iko wapi?"

Wifi akatoa gamba la boksi la zipu, lina maandishi ya kiwanda upande mmoja na mistari yangu upande wa pili, na doa la chai.

"Nani alihesabu?"

"Wifi yangu. Anauza vifungo."

"Anakupendelea?"

"Hajawahi."

Daktari akapitisha kidole kwenye mistari, siku moja moja. Kikasimama Ijumaa. "Hapa kumetokea nini?"

Nikisikiliza hapo nilijiambia, naam, yale yale niliyosema. Lakini wifi hakubabaika. Alieleza suruali, usaili, na yule mtu aliyesimama nyuma yake. "Kijimto kilikuwepo, Daktari. Tofauti ya siku ile na nyingine ni mtu mgongoni anayenihimiza. Nikiharakishwa, mkono unarudi kwa mwalimu wake wa kwanza." Kisha akaongeza, "Na Jumanne ile maabarani, kulikuwa na mtu mgongoni."

Kibano akakohoa. "Sasa kosa limekuwa langu?"

"Pini niliziweka mimi, mzee wangu. Nasema tu lini naziweka."

Daktari alimgeukia Kibano. "Wewe ulichukua muda gani kuacha mrija?"

Wifi hakujua mrija upi. Kumbe zamani mbu walikamatwa kwa mrija wa mpira: ncha moja unamwelekezea mbu, nyingine iko mdomoni, unamvuta kwa pumzi. Kibano alivuta mbu hivyo kwa miaka kumi na minne, hadi mrija ukapigwa marufuku, vikaletwa vifaa vya betri. Na wanafunzi wote wanajua, ingawa hawajui sababu, kwamba Kibano akimwona mbu ukutani huchongoa midomo kama anayetaka kumbusu mtoto.

"Sikuhesabu," Kibano akasema.

"Mwenzako amehesabu." Daktari akaligeuza lile gamba mara mbili. "Kama Ijumaa isingekuwepo humu, ningekutoa. Siku tano zinazoshuka vizuri bila kukwama huwa zimepigwa pasi."

Basi. Nilikosea, na sikosei mara nyingi, kwa hiyo naliandika hapa liishe.

Ila wifi yangu ni mtu wa kona yangu, na hakusimama akashukuru akatoka. Alisikia mlango umefunguka, akatia mguu. Akasema anakubali sharti lolote atakalowekewa, na yeye ana moja: kwenye meza ya kupasulia, asiruhusiwe mtu kusimama nyuma ya mwenzake. Anayetaka jambo aje mbele, aseme, aondoke. Daktari akafikiri. Sharti lake yeye likawa kwamba wifi avae barakoa hadi siku ya mwisho, na hesabu iendelee, na mhesabuji awe Kibano.

"Na atahesabia wapi, kama hasimami nyuma?" Kibano akauliza.

"Mbele," Daktari akasema. "Utakaa kama watu."

Ikawa hivyo. Wiki ya kwanza Kibano alihesabu nukta nne, mkono ukigonga barakoa. Wiki ya pili moja. Wiki ya tatu akasema amechoka kuhesabu hewa. Lakini kile kijimto kilikuwa kimemkaa rohoni. Akaanza kukikosoa, jambo ambalo kwangu mimi ni dalili ya mnunuzi. Sponji inashika maji, pini zitapata kutu. Kitambaa hakichemshiki kikiwa kimeshonewa humo. Wifi akabadilisha: badala ya sponji kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, na juu kifuniko cha kuvua kinachoingia kwenye mashine ya mvuke pamoja na vyombo vingine. Kibano akakivaa siku moja, kwa majaribio, akasema. Hakukirudisha. Akataka na vingine sita, kimoja kwa kila mwanafunzi.

"Nitakushonea," wifi akamwambia. "Na wewe utanifundisha kufuga. Kuanzia yai."

"Hiyo si kazi ya wanafunzi wa likizo."

"Na kushona si kazi ya maabara."

Kibano alimfundisha. Namna ya kuweka mayai kwenye karatasi yenye unyevu, kuwalisha viluwiluwi bila kuwavimbisha, kujua kwa harufu ya beseni kwamba maji yamechoka. Nilipomwuliza wifi ni nani aliyemfundisha kubadilishana hivyo, aliniambia nisijipe sifa za bure.

Wiki ya kumi kila mwanafunzi alisimama mbele ya bango lake ukumbini, watu wanapita wanauliza. Tulikwenda, mimi na mdogo wangu, yeye katoa rangi yote isipokuwa ya kwenye kucha. Wifi alivaa gauni alilojishonea. Bango lake lilikuwa na picha mbili kubwa, vijirija vilivyojisokota na vilivyonyooka, na chini yake idadi: mbu mia tatu na kumi na wawili aliowapasua, wangapi walikuwa wameshataga, wangapi bado. Pembeni, katika kisanduku kidogo, kulikuwa na siku zangu tano, na Ijumaa iko palepale, imenyanyuka kama goti.

Profesa mmoja mgeni, mrefu, aliinama akatazama picha. "Unatofautishaje haraka hivi? Wanafunzi wangu hunichukulia mwezi."

"Wanafunzi wako wamewahi kubadilisha lastiki ya sketi?"

"Sidhani."

"Waanzie hapo."

Watu wakacheka, yule mgeni akaandika. Nilimtazama akiandika, kalamu yake nzuri, na nikajisikia kama siku nilipoweka kaunta ya kioo. Mdogo wangu alisimama mbele ya bango lile akisoma kila neno, hata majina ya waliolichapa. Alipomaliza alirudi juu akaanza upya. Kibano alikuwa karibu yetu, na kijimto mkononi, sehemu ambayo hakuna hata mbu mmoja.

"Ndiye aliyekuangalia wewe?" nikamwuliza wifi kwa sauti.

"Ndiye mimi," Kibano akajibu mwenyewe. "Na wewe ndiye wa gamba la zipu. Mistari yako imepinda."

"Nilikuwa nahesabu, sikuwa nachora."

Barua alipewa palepale, ndani ya bahasha ya kahawia. Aliisoma mara moja, akampa mume wake. Imeandikwa kwamba amemaliza, na kwamba nafasi ya mradi wa mwaka wa mwisho katika maabara ya mbu ni yake akiitaka. Mdogo wangu akaniambia nimshikie hiyo barua, akatoka nje kwanza. Alisema anatafuta maji.

Tulirudi dukani kwa sababu kulikuwa na mteja wa sketi aliyeahidiwa saa kumi na moja. Wifi hakubadilisha hata gauni. Alivaa kijimto, akampandisha mteja juu ya stuli, akapiga goti, akaanza kukunja upindo. Mteja alikuwa na haraka, anauliza kila dakika kama imekwisha.

Nilikaa kwenye kigoda changu. Hakuna aliyenituma, lakini nilihesabu. Mkono ulikwenda kwenye kifundo, ukarudi kwenye kitambaa, ukaenda kwenye kifundo tena. Mzunguko mzima wa sketi, pini thelathini na kitu, na mdomo wake ulikuwa na kazi moja tu ya kumwambia yule mama asimame wima.

Mteja alipogeuka, nikamwambia wifi upindo wa kushoto umepanda kidogo. Ulikuwa umepanda kweli. Akaushusha.